Jimbo tiifu lenye watumwa: jibu kuhusu hotuba ya Lincoln ya Baltimore, 1864

Mwalimu mmoja wa historia wa shule ya sekondari ameniuliza hivi: "Nimewasomea wanafunzi wangu sehemu ya hotuba ambayo Rais Abraham Lincoln wa Marekani aliiandika kwa mkono wake na kuisoma mjini Baltimore, katika jimbo la Maryland, tarehe 18 Aprili 1864, ile yenye mfano wa kondoo na mbwa mwitu. Mwanafunzi mmoja akauliza swali lililonishinda. Kama Maryland haikujitenga na Muungano wa majimbo ya Marekani, na kama siku ile utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo hilo, Lincoln aliwasifu watu wake kwa utiifu gani, na kwa uhuru wa nani?"

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba ameuliza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona, kwa sababu mfano wa kondoo na mbwa mwitu una utamu wake, na msomaji akishaufikia huona amepata alichokitafuta. Katika Maryland ya miaka ile utiifu na uhuru vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Jimbo lilikuwa limekwisha kupata cha kwanza huku likiwa halijapata cha pili, na Lincoln, ambaye alilijua hilo kuliko wengi waliomsikiliza, aliiweka hotuba yake katika nafasi iliyokuwepo baina ya hivyo viwili. Ukiisoma kwa makini hutamkuta mahali popote akitamka kwamba Maryland imekwisha kuwa huru. Anachosema ni kwamba siku za karibuni watu wake wamekuwa wakifanya jambo fulani la kuufafanua uhuru, na kauli hiyo ya tahadhari ilichaguliwa na mtu aliyezipima kalamu na nafasi yake.

Tuanze na utiifu, maana historia yake ni chungu. Sensa ya 1860 ilihesabu katika Maryland watu 687,049. Kati yao 87,189 walikuwa watumwa, na 83,942 walikuwa Weusi huru, idadi ambayo hakuna jimbo jingine lililoifikia. Mji mkuu wa Washington umezungukwa na ardhi ya Maryland pande zote isipokuwa upande wa mto Potomac, na ng'ambo ya mto huo ni Virginia, jimbo lililojiunga na waasi, yaani majimbo ya Kusini yenye watumwa yaliyojitenga na kupigana na Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kama Maryland nayo ingejitenga, Rais na Bunge lake wangejikuta ndani ya nchi ya adui, na reli iliyoleta askari kutoka Kaskazini ingekatwa.

Hatari hiyo ilionekana kwa macho tarehe 19 Aprili 1861. Kikosi cha Sita cha Massachusetts kilifika Baltimore kwa treni kikielekea kuulinda mji mkuu. Reli ya kutoka kaskazini iliishia kituo kimoja na ile ya kwenda Washington ilianzia kituo kingine, kwa hiyo mabehewa yalilazimika kukokotwa na farasi kupitia mtaa wa Pratt, kando ya bandari. Mabehewa ya mwanzo yalipita. Kisha umati ukaziba njia, na askari waliobaki wakashuka na kutembea kwa miguu huku wakipigwa mawe, hadi risasi zikaanza kulia. Walikufa askari 4 na raia 12. Baadhi ya askari waliouawa walikuwa vijana wa Lowell, mji wa viwanda vya pamba, na wasomaji wa pwani yetu watakumbuka kwamba nguo za pamba za Massachusetts ndizo zilizojulikana katika soko la Zanzibar kwa jina la merikani. Baada ya ghasia hizo madaraja ya reli ya kaskazini mwa Baltimore yalichomwa moto, na kwa siku kadhaa mji mkuu ulikaa ukingoja wanajeshi wasiojulikana wangepitia wapi.

Jibu la Lincoln lilikuwa kali. Mwishoni mwa mwezi ule ule alimruhusu mkuu wake wa jeshi kusimamisha, kando ya njia ya askari, haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya jaji ili ielezwe kwa nini amekamatwa. Mwezi Mei jeshi lilikalia kilima kinachoitazama bandari ya Baltimore. John Merryman, mkulima aliyetuhumiwa kushiriki katika kuharibu madaraja, alikamatwa na kufungiwa katika ngome ya Fort McHenry, na Jaji Mkuu Roger Taney, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Maryland, alipoamua kwamba Rais hana mamlaka ya kuisimamisha haki hiyo, serikali haikumtii. Mwezi Septemba walikamatwa meya wa Baltimore, wabunge kadhaa wa jimbo waliodhaniwa kuelekea upande wa waasi, na wahariri wa magazeti. Mmoja wa wahariri hao alikuwa Frank Key Howard, ambaye babu yake, Francis Scott Key, ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani baada ya kuiona Fort McHenry ikistahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1814. Mjukuu akaanza kifungo chake katika ngome hiyo hiyo, bila ya kushtakiwa.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila ya kuyajua hatuwezi kuelewa Lincoln alikuwa akizungumza na nani. Utiifu wa Maryland ulikuwa wa kweli kwa maelfu ya watu waliojitolea kuupigania Muungano, lakini pia ulishikiliwa na bunduki. Miongoni mwa wakazi wa mji ule wamo waliomwona Lincoln kuwa dikteta, na hawakukosa cha kuonyesha. Rais anaposimama mahali kama hapo na kutamka neno "uhuru", anajua kwamba wapo watakaomuuliza: wewe ndiwe wa kutufundisha uhuru?

Sasa tuje kwenye hati yenyewe. Lincoln alialikwa kwenye maonyesho makubwa ya hisani yaliyoandaliwa, hasa na wanawake, ili kukusanya fedha za kuwahudumia askari wagonjwa na majeruhi. Mgeni rasmi katika shughuli ya namna hiyo angetarajiwa kushukuru na kuketi. Yeye alikuja na maneno yaliyoandikwa. Wakati wa urais wake alikuwa mwangalifu sana wa kusema bila maandalizi, kwa kuwa lolote alilotamka lilichapishwa magazetini na kusomwa na marafiki na maadui, huko Kusini na hata Ulaya. Jioni ya kuamkia hotuba yake maarufu ya Gettysburg, Novemba 1863, watu walimwimbia nje ya nyumba aliyofikia wakimtaka aseme neno, naye akawajibu kwamba mtu wa nafasi yake anapaswa kuepuka kusema mambo ya kipuuzi. Ndiyo maana hotuba yake ya Baltimore, ambayo haichukui zaidi ya dakika chache kuisoma, inastahili kusomwa neno kwa neno. Hata alama zake za mkato zinafundisha: zimejaa tele, kuliko sarufi inavyotaka, kana kwamba zinaonyesha mahali ambapo msemaji angevuta pumzi mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Anaanza na mahali alipo. Tukikumbuka kwamba tupo Baltimore, anasema, hatuwezi kukosa kuona kwamba dunia inakwenda. Miaka mitatu iliyopita askari hawa hawa ambao leo mmekusanyika kuwahudumia hawakuweza hata kupita katika mji huu. Hilo ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. Utiifu anaousifu ni wa hali ya mji kugeuka, kutoka mtaa wa Pratt uliomwaga damu ya askari hadi ukumbi unaowachangia askari fedha za dawa na bandeji. Hotuba ilitolewa siku moja tu kabla ya ghasia zile kutimiza miaka mitatu, na ukumbini hapakuwa na mtu aliyehitaji kukumbushwa tarehe. Ni heshima kubwa pia kwamba Lincoln hakutaja wafu wala hakumlaumu mtu. Aliwabariki wanaume walioleta mabadiliko na wanawake wanaowatunza, akasonga mbele.

Mara moja anaupanua uwanja. Vita vilipoanza, anasema, hakuna upande uliotazamia vingefika hadi siku ile, wala hakuna aliyedhani kwamba utumwa ungeguswa sana. Lakini vita havijaisha, na utumwa umeguswa kwelikweli. Mwanadamu hupanga na Mungu hupangua. Siku chache kabla, tarehe 4 Aprili, alikuwa amemwandikia Albert Hodges, mhariri wa Kentucky, jimbo jingine la mpakani lenye watumwa, kwamba kama utumwa si kosa basi hakuna lililo kosa, na kwamba hadai kuyaongoza matukio bali anakiri kuwa matukio ndiyo yaliyomwongoza. Fikra ya barua ile na ya hotuba hii ni moja.

Kisha linakuja lile fungu mashuhuri. Dunia, anasema, haijawahi kupata maana nzuri ya neno uhuru, na Wamarekani kwa sasa wanaihitaji sana. Sote tunajitangaza kuwa upande wa uhuru, ila kwa wengine maana yake ni kila mtu kufanya apendavyo na nafsi yake na matunda ya jasho lake, na kwa wengine ni baadhi ya watu kufanya wapendavyo na watu wengine na matunda ya jasho la watu hao wengine. Mchungaji anamfukuza mbwa mwitu kooni mwa kondoo. Kondoo anamshukuru kuwa mkombozi wake, na mbwa mwitu anamlaani kwa tendo lile lile kuwa ameuangamiza uhuru, hasa, anaongeza Lincoln, kwa vile kondoo huyo alikuwa mweusi. Kipande hicho kidogo cha mwisho ndicho kinachoukata mfano kutoka katika hadithi za watoto na kuupeleka moja kwa moja kwenye mashamba ya tumbaku ya Maryland.

Angalia, Mwalimu, jinsi hapa anavyowajibu wale waliomwita dikteta. Hajitetei kuhusu kukamatwa kwa meya wala wahariri, na mimi sidhani kwamba mfano huu unaweza kuyafuta malalamiko yale. Mhariri aliyefungwa bila mashtaka hakuwa mbwa mwitu kwa sababu tu alimchukia Rais. Anachokifanya ni kukichagua kilio kimoja kati ya vilio vingi vya "uhuru wetu unanyang'anywa", kile cha mtu anayepoteza watumwa wake, na kuonyesha kimesimama juu ya nini. Kwa kilio hicho hoja yake haina jibu. Kwa kile kingine mjadala unaendelea miongoni mwa wanasheria hadi leo, na ni vizuri wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi.

Anafunga fungu hilo kwa kuwashukuru watu wa Maryland kwamba, kwa walichokifanya, kamusi ya mbwa mwitu imekataliwa. Walifanya nini? Tarehe 6 Aprili 1864, siku kumi na mbili kabla ya hotuba, wapiga kura walikubali uitishwe mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo na wakachagua wajumbe, wengi wao wakiwa wamejulikana wazi kwamba wanataka utumwa ufutwe. Ilihitajika njia hiyo kwa sababu Tamko la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863, ambalo kwalo Lincoln aliwatangaza watumwa kuwa huru, liliyahusu maeneo yaliyoasi tu. Likiwa amri ya kivita, halikuweza kuligusa jimbo tiifu. Hapo ndipo linapoonekana jambo lililomtatiza mwanafunzi wako: utiifu wa Maryland ndio uliowakinga wenye watumwa wake dhidi ya Tamko. Mtumwa wa Virginia, ng'ambo ya mto, kwa sehemu kubwa ya jimbo hilo alikuwa huru kwa karatasi ya Rais. Mtumwa wa Maryland alikuwa bado mali ya mtu kwa sheria ya jimbo lake, na sheria hiyo haikuweza kubadilishwa na mwingine isipokuwa wananchi wenyewe.

Na wananchi hao, kwa maana ya wapiga kura, walikuwa wanaume Weupe peke yao. Kondoo hakuwa na kura. Lakini tusiseme kwamba alikaa akimngoja mchungaji. Tangu Bunge la Marekani lilipofuta utumwa katika mji wa Washington mwezi Aprili 1862, watumwa wa Maryland walikuwa wakitoroka na kuvuka mpaka usiku. Kuanzia 1863 wanaume Weusi wa jimbo hilo waliingia jeshini, na hadi vita vinaisha zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa wamevaa sare ya Muungano. Mwenye shamba aliyeondokewa na nguvu kazi yake kwa namna hiyo alibaki na hati ya umiliki wa kitu kilichokwisha kumtoka mikononi, na wapiga kura wengi waliliona hilo kabla ya kufika kwenye sanduku la kura.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo uti wa mgongo wa hotuba, na ambayo vitabu vingi huikata. Baada ya mfano wake Lincoln anasema haimpendezi mtu wa nafasi yake kutoa hotuba ndefu, ila kuna jambo jingine analoona ana wajibu wa kulisemea. Tarehe 12 Aprili, siku sita kabla, majeshi ya waasi chini ya Nathan Bedford Forrest yalikuwa yameiteka ngome ya Fort Pillow, magharibi ya Tennessee, kando ya mto Mississippi, na habari zilikuwa zimeanza kufika kwamba askari Weusi na maofisa wao Weupe waliuawa baada ya kuzidiwa. Lincoln anataja idadi ya takribani 300 na kuita habari hiyo uvumi wa kuhuzunisha, anaouhofia kuwa kweli. Anasema aliamua kwa kujua wajibu wake kuwatumia Weusi kama askari, na kwamba anawajibika kwa uamuzi huo mbele ya Wamarekani, mbele ya ulimwengu wa Kikristo, mbele ya historia, na katika hesabu yake ya mwisho mbele ya Mungu. Ukishaamua kumfanya mtu askari, anasema, hakuna njia isipokuwa kumpa ulinzi wote anaopewa askari mwingine yeyote.

Mahali pa maneno haya panasema mengi. Amekwisha kuwapa wenyeji wake sifa kwa kumkataa mbwa mwitu. Sasa anakigeuza kipimo kile kile kwake mwenyewe. Kama serikali inajiita mchungaji, kondoo wake wanaochinjwa Tennessee ni hesabu yake. Na anajua kwamba hesabu hiyo haijakaa sawa: siku anaposema hayo, askari Mweusi alikuwa bado analipwa mshahara mdogo kuliko mwenzake Mweupe, na Bunge lilirekebisha jambo hilo mwezi Juni tu. Anakiri hadharani kwamba ugumu haupo katika kuitamka kanuni bali katika kuitekeleza. Hakubali, hata hivyo, kuwaua mateka wa upande wa pili kwa uvumi, kwa sababu hilo lingekuwa kosa la kikatili mno. Anaahidi uchunguzi, na anaahidi kwamba mauaji yakithibitishwa, malipizi yatakuja.

Yalithibitishwa. Kamati ya Bunge ilitoa ripoti mwezi Mei, na Lincoln akawataka mawaziri wake wampe ushauri kwa maandishi, wakagawanyika. Kampeni kubwa ya Jenerali Grant, kamanda wa majeshi ya Muungano, huko Virginia ilianza siku zile zile, na malipizi yaliyoahidiwa hayakutekelezwa kamwe. Mwanafunzi akiuliza kama Lincoln aliitimiza ahadi ya Baltimore, jibu la kweli ni kwamba hakuitimiza.

Ahadi ya watu wa Maryland ilitimizwa, lakini kwa unywele. Mkutano wa katiba ulianza kazi Annapolis, mji mkuu wa jimbo, tarehe 27 Aprili. Katiba uliyoitoa ilifuta utumwa, na pia ilitamka katika tamko lake la haki kwamba kila raia wa jimbo anawiwa utiifu wa kwanza na Katiba na Serikali ya Marekani. Utiifu na uhuru vikaingia katika hati moja kwa mara ya kwanza. Kabla ya kura Lincoln alimwandikia Henry Hoffman wa Baltimore barua ya kuiunga mkono, akisema anatamani watu wote wawe huru. Kura zilipigwa tarehe 12 na 13 Oktoba, nao waliotaka kupiga walitakiwa kula kiapo cha utiifu. Jaji Mkuu Taney, ambaye mwaka 1857 alikuwa ameamua katika kesi ya Dred Scott kwamba Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, alifariki siku hiyo ya kwanza ya upigaji kura. Kura za nyumbani ziliikataa katiba: 27,541 ziliikubali na 29,536 ziliipinga. Zilipoongezwa kura za askari wa Maryland waliokuwa vitani, 2,633 za ndiyo dhidi ya 263 za hapana, katiba ilipita kwa tofauti ya kura 375. Maana yake ni kwamba askari wale wale ambao Lincoln aliwabariki mwezi Aprili ndio walioitoa Maryland katika utumwa, kinyume na matakwa ya majirani zao wengi waliobaki nyumbani.

Tarehe 1 Novemba 1864 utumwa ulikoma huko. Katikati ya mwezi huo Frederick Douglass, mpinzani mashuhuri wa utumwa, aliyezaliwa mtumwa katika wilaya ya Talbot na kutoroka kutoka Baltimore mwaka 1838, alirudi na kuhutubia katika kanisa la Bethel la mji huo. Lakini katika Talbot hiyo hiyo, siku chache baada ya utumwa kufutwa, watoto wa walioachwa huru walikuwa wakipelekwa mbele ya mahakama za mayatima na kufungwa kwa mikataba ya uanagenzi kwa mabwana zao wa zamani. Msichana mmoja, Elizabeth Turner, alifungwa kwa mkataba wa namna hiyo akiwa mdogo, na ni mwaka 1867 tu ambapo Jaji Mkuu Salmon Chase, aliyeshika nafasi ya Taney, aliubatilisha kwa kuwa ulikiuka Marekebisho ya Kumi na Tatu ya Katiba ya Marekani, yaliyopiga marufuku utumwa, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866.

Kwa hiyo, Mwalimu, kama kipindi chako kinatosha hotuba moja tu, wasomee hii nzima bila kuikata kwenye kondoo na mbwa mwitu, kwani itawachukua muda mfupi. Kisha waandikie ubaoni zile hesabu za Oktoba, kura za nyumbani upande mmoja na za askari upande wa pili, na umrudishie mwanafunzi yule swali lake aendelee nalo: katika tarakimu hizo, ni akina nani ambao hawakuhesabiwa kabisa?